Kunguru hafugiki

Mama kasema neno, nami mpaka leo halijanishuka.

Jumapili nilikwenda Nachi, milima ya Kumano huku Japani, na yule mwenzangu wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Unapanda njia ya mawe ya Daimonzaka katikati ya miti ya sugi (mierezi ya Kijapani) ya karne na karne, mirefu hata jua halipenyi. Kutoka barabarani hadi hekaluni ni ngazi 467. Magoti yangu yanazikumbuka. Uani kuna mkafuri wa miaka ipatayo 850, shina lake lina uwazi. Unalipa yeni 300, unaingilia chini, unatokea juu. Niliingia. Ila pale pa kuinama na kupiga makofi, wanavyosali wao, nilikaa pembeni nikimshikia mwenzangu mkoba (Mama, kama unasomewa hapa, sikia hilo).

Na kila unapogeuka, kunguru wa miguu mitatu. Yatagarasu, ambaye kwa masimulizi yao alimwongoza mfalme Jimmu katika misitu hii, na ndiye aliye kwenye nembo ya chama cha mpira cha Japani. Nikampigia Mama picha pale chini ya maporomoko ya maji ya Nachi, nimeshika kunguru mdogo wa kuuzwa, nikaandika: “Huku anaheshimiwa, si kama hao wanaokumalizia vifaranga.”

Akajibu kwa sauti. “Ngazi zote hizo umepanda kwenda kumwona kunguru. Haya. Ndiyo maana wakasema kunguru hafugiki.”

Sasa kunguru ni nani hapo? Nimeusikiliza ujumbe ule kwenye treni, bafuni, hata nikimlisha uji bibi wa chumba cha mwisho. Baada ya “haya” kuna pumzi. Mara nasikia kicheko, mara nasikia mtu anayehesabu Idi. Kaka anasema Mama anatania. Kaka analala nyumba moja naye, atajuaje?

Wiki hii matokeo ya mtihani wa Kijapani yametoka, nimefaulu, na bati la nyumba ya Tanga limeshapigwa. Haya.

Nilitaka hata kumsimulia habari ya maporomoko yenyewe. Mita 133, na hapo chini hawakujenga nyumba ya mungu wao, kwa kuwa wanayemwabudu ni hayo maji yanayoanguka. Mama angeuliza maswali mpaka salio liishe. Sikumwambia. Nilinuna.

Jana usiku nafungua simu, Mama kaniweka stetasi! Picha ile ile, na maua mekundu kaongeza. Kunguru kamkata. Nimebaki mimi, maji, na vidole vyangu vilivyoshika hewa kama mchawi. Shangazi wote wameshaandika mashaallah. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi ningelala, lakini gego la kushoto limeanza tena. Maji baridi yakiligusa linavuta mpaka sikioni, na daktari wa meno ana nafasi Alhamisi asubuhi tu, saa ambayo ndiyo kwanza natoka zamu.