Usiku tulipozima taa za roboti

Kati yetu, tuliokuwa tukipima sakafu ya bahari kwa leza, na rubani wa roboti ya chini ya maji kulikuwa na neno moja tu lisilopatana: taa. Yeye alitaka ziwake zote, sisi tulitaka zizimwe zote.

Rubani hakai ndani ya roboti. Anakaa melini, kwenye kontena lililojaa skrini, na chombo kiko chini kimefungwa kebo, maana mawimbi ya redio hayafiki mbali katika maji ya chumvi. Amri zinashuka na picha zinapanda kwa nyuzi za kioo zilizomo ndani ya kebo hiyo. Asipoona, atagonga mwamba au kebo itanasa. “Kijana, mimi siendeshi gizani,” alikuwa akiniambia, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Lakini bahari ile ilikuwa imejaa chembe: mabaki ya viumbe, kinyesi, ute, vyote vikidondoka kutoka juu usiku na mchana. Taa kali ikikaa karibu na kamera, chembe hizo zinarudisha mwanga kwenye lenzi kabla haujafika sakafuni. Ni kama dereva kuwasha taa kubwa kwenye ukungu. Dawa ni kuutenga mwanga na kamera, kwa hiyo tulifunga leza upande mmoja wa fremu na kamera upande wa pili. Tulichagua leza ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, kwa kuwa maji huumeza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo. Miale yake ilitandazwa ikawa mstari mwembamba sakafuni. Penye mwinuko mstari unapinda, na kwa kuwa pembe ya kamera inajulikana, kompyuta inakokotoa kimo cha kila nukta. Roboti ikisonga, mistari inapangana na kuwa ramani.

Kilichotuchosha hasa ni kioo cha mbele ya kamera. Mwanga hupinda ukitoka majini kuingia kwenye kioo na tena kuingia hewani, kwa hiyo vipimo vilivyorekebishwa mezani havifai kitu. Ilibidi turekebishe upya ndani ya tangi. Halafu zile pete za mpira za kuzuia maji. Unazipaka grisi, unazipitisha vidoleni polepole chini ya taa, kwa sababu unywele mmoja tu unatosha kuingiza bahari ndani.

Usiku huo tulikuwa karibu mita 600 chini, ambako kila sentimita ya mraba inabeba uzito wa kama kilo 60. Rubani alikubali kwa masharti: sona, kile chombo kinachotambua vizuizi kwa mwangwi wa sauti, iendelee kufanya kazi, kimo kibaki mita mbili juu ya sakafu, na njia iwe moja tu, ya kwenda bila kurudi. Akazima taa moja baada ya nyingine, akinung'unika.

Skrini ikawa nyeusi, kisha mstari wa kijani ukatokea juu ya tope. Ukapanda mgongo wa jongoo bahari, ukaonyesha kila kijinundu. Nyuma yake kulikuwa na mfereji aliouchimba akitembea, kina chake milimita chache. Tulikuwa tumepita hapo hapo taa zikiwaka na hatukuuona. Mwanga wa mbele hauachi kivuli.

Kisha kiumbe kama jeli kikaelea na kukatiza miale. Tukaona matumbo yake, kipande kwa kipande. Tulikuwa tumesoma jinsi kikundi cha mhandisi Kakani Katija, huko MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, kilivyotumia tabaka la leza kuchungulia ndani ya nyumba za ute za wanyama wa kina kirefu, nami nilikuwa na wivu usiofichika.

Njia ilipokwisha, rubani hakuwasha taa.

“Hiyo picha yenu inaweza kuja kwangu?” akauliza.

“Inaweza, mzee. Kesho asubuhi tutakuvutia waya.”

“Iwekeni kushoto. Kulia kuna sona, na sona haitoki.”