Supu Yangu ya Siku Kumi na Moja

Anayesema "moto unaua kila kitu" aje aniulize mimi.

Nilisikia kuna mgahawa Bangkok, Wattana Panich, mchuzi wake una zaidi ya miaka 40 unaongezwa tu, hauishi. Nikasema, mimi na makongoro yangu nitashindwa hata wiki mbili?

Usiku wa kwanza niliufukia mkaa kwa majivu, nikaacha sufuria juu ya jiko, nikalala kifalme. Alfajiri mkaa umekufa zamani. Supu vuguvugu, ile ya kuogeshea mtoto, na juu yake vipovu vinapasuka vyenyewe: pwa, pwa. Mama mkwe alikuwa kwetu. "Baba, ichemshe tu itokote, haina neno." Mkwe hakatazwi. Ikatokota, nikamaliza bakuli mbili kwa ndimu na pilipili. Kufika saa nne nilishahesabu vigae vyote vya choo, mara mbili. Yeye hakuonja; eti amefunga.

Baadaye ndipo nikaelewa: moto unawaua wadudu wenyewe, lakini baadhi ya sumu wanayoacha haivunjiki hata uchemshe hadi jioni. Na wengine wanabaki kama mbegu, supu ikipoa polepole wanaamka. Kwa hiyo ni ama juu ya nyuzi 60 muda wote, ama chini ya 5. Hapo katikati supu ipite mbio.

Umeme wetu mnaujua, kukesha na jiko sikuweza. Nikanunua kipimajoto Kariakoo, elfu kumi na kitu. Halafu ujanja wangu, ninaojivunia: chupa za maji sita zinalala friza. Jioni naichuja supu, naigawa kwenye sufuria ndogo pana, naziweka kwenye beseni la maji lililojaa zile chupa, nakoroga huku naangalia taarifa ya habari. Ikipoa, friji. Asubuhi inatokota kwanza ndipo naongeza maji na mifupa mipya.

Chumvi natia kwenye bakuli, maana supu inavyokauka inageuka bahari. Viazi ni vya kula siku hiyohiyo. Nazi usithubutu.

Usiku wa kumi na moja umeme ukakatika, sikusikia. Asubuhi kipimajoto kinasoma 19. Mama mkwe akapiga simu: "Si uichemshe tu, baba?"

"Ndiyo mama," nikajibu, huku naimwaga.