Siku moja maishani mwangu: vishikwambi vinane na kikao cha wazazi

Saa 11:00 alfajiri. Nimeamka kabla ya muadhini, na usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu tu. Leo kuna kikao cha wazazi kwenye chekechea ninayofundisha, na ajenda ni moja: vishikwambi. Nikanywa chai ya rangi na kiporo cha wali, nikamwamsha mwanangu wa darasa la tatu, nikamwachia dada nauli yake, nikatoka.

Saa 12:15. Kimara, kituo cha mwendokasi. Mliowahi kupanda muda huo mnajua, sina la kuongeza. Nikashuka Shekilango, nikakata kwa miguu kuingia Sinza.

Saa 1:00. Chekechea yetu ni nyumba ya kawaida. Sebule ndiyo darasa langu, watoto wa miaka minne na mitano. Mwezi uliopita mwenye shule alileta boksi lenye vishikwambi vinane, yaani tableti. Neno hili wengi tulilizoea wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipokuwa wanapita navyo nyumba kwa nyumba. Baadaye vile vya sensa wakagawiwa walimu wa shule za serikali. Rafiki yangu mmoja alipata, akanitambia wiki nzima. Mimi niko shule binafsi, kwa hiyo nilisubiri zamu yangu.

Saa 1:30. Getini. Ukitaka kujua mzazi anafikiri nini, usimsubiri kikaoni, msubiri hapa. Bajaji ikasimama, mama akashuka na mtoto aliyeshika simu kwa mikono miwili, katuni inaimba. Mama akaichukua simu. Kilio cha mtoto kilisikika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani. Sasa, mama huyuhuyu jana usiku aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba hakulipa ada ili mtoto wake aje kukodolea macho kioo. Sikusema kitu. Nilimbeba mtoto, kamasi zikaishia begani kwangu.

Nyuma yake akaja bibi anayemleta mjukuu kila siku kwa miguu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia leo mna mkutano wa vibao." Akacheka. "Sisi enzi zetu vibao tulipigwa. Hawa wa siku hizi wanapewa."

Saa 2:30. Nagawa watoto kwenye kona. Kona ya hesabu ina vizibo vya soda na vijiti, kona ya nyumbani ina vikopo na mdoli asiye na mkono, na siku tatu kwa wiki kuna kona ya vishikwambi. Watoto watatu kwa kimoja, dakika 15, wanahama. Wazazi wengi wanadhani watoto wanakaa kimya kama wamepigwa sindano. Wangekuja waone. Mmoja anabonyeza, wawili wanamwelekeza kwa sauti, na zamu ikichelewa ngumi zinatembea.

Kinachonisumbua mimi ni kitu ambacho hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza. Programu tuliyowekewa ni ya Kiingereza. Nimetumia miezi kuwafundisha kwamba hii ni i, kama i ya kiti. Mtoto anaigusa kwenye kioo, inamwambia "ai". Ananitazama kama mtu aliyedanganywa, na hajui nani kati yetu ndiye mwongo. Huyu bado hajamaliza ba be bi bo bu. Mwenye shule nilipomweleza akasema Kiingereza ndicho wazazi wanacholipia. Hapo kasema kweli, lakini si yeye anayejibu lile jicho la mtoto.

Saa 4:00, uji. Kosa langu: niliwaruhusu kundi la mwisho wamalizie baada ya uji. Kidole chenye uji, tachi haikisikii. Mtoto akabonyeza, akabonyeza, akakilamba kidole, akabonyeza tena, kisha akalamba kioo. Nilifuta vishikwambi vyote vinane kwa pindo la kanga.

Ndipo likatokea la leo. Nina mtoto mmoja, mimi humwita Bwana Kimya. Tangu Januari hajatamka neno darasani, anaitikia kwa kichwa tu. Leo alikuwa anaburuta kidole kufuata herufi, akaimaliza, kishikwambi kikampigia makofi. Akamgeukia mwenzake akasema, wazi kabisa, "Sogea."

Nilitaka kukimbia ofisini nikatangaze. Nikajizuia. Najua kikaoni mtu angelitumia kama ushahidi, na nikiwa mkweli, sidhani kama kilichomfungua mdomo ni kishikwambi. Nadhani ni kiwiko cha mwenzake.

Saa 6:00 umeme ukakatika. Vishikwambi viwili vilikuwa vimebaki na chaji asilimia 9.

Saa 9:30. Kikao, chini ya mwembe, wazazi 26 kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Swali la kwanza halikuwa la macho wala la akili za watoto. "Ada inapanda?" Mwenye shule akasema haipandi mwaka huu. Watu wakashusha pumzi.

Baba mmoja mwenye miwani akasimama na simu yake, akasoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini akiwa amekaa tu, na ikipungua ni bora zaidi. Alikuwa sahihi, na nilifurahi kaja na kitu cha maana. Nikamjibu kwamba hapa ni dakika 15, mara tatu kwa wiki. Kisha nikauliza, kwa upole, nyumbani ni dakika ngapi. Mtu akakohoa.

Mama mwenye asili ya Tanga akakumbusha lile shindano la kimataifa lililofanyiwa majaribio vijijini kwao kuanzia mwisho wa 2017, watoto wakapewa vishikwambi vya Kiswahili wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2019 washindi wawili wakagawana dola milioni 10. Kweli kabisa. Ila wale walikuwa watoto ambao wengi shule hawakuwa nayo kabisa. Hawa wangu wana shule, wana vizibo, wananiona mimi kila asubuhi. Kupima mawili hayo kwa kipimo kimoja sikubali.

Aliyenyamazisha kikao ni mama anayeuza chakula karibu na stendi. Simu yake ni ya kitochi. "Mwanangu hiki kitu atakigusa wapi kama si hapa? Nyie mnaolalamika kuwanyang'anya watoto simu, mnazo za kunyang'anya." Akakaa. Mama wa bajaji alikuwa anachora chini kwa ncha ya kiatu.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe moto ulikuwa haujawaka, na ulipowaka ulikuwa wa simu yangu mimi. Wengi wanadai picha kila siku: kala? kalala? kacheka? Baba mmoja akasema picha ya mwanawe asiione tena kwenye kundi, hajui namba 60 zilizomo ni za nani, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2023. Wakamzomea kidogo. Mimi nilikuwa upande wake. Tumekubaliana kila mzazi asaini fomu, na mpaka hapo nitatuma picha za mikono tu, ikiwa na rangi au udongo.

Saa 12:00 jioni. Umeme haujarudi, na kesho ni siku ya kona ya vishikwambi. Nikavipanga vyote vinane kwenye kiroba cha unga, juu nikaweka madaftari na mtandio, nikakibeba kifuani kwenye mwendokasi nikiwa nimenuna ili nifanane na mtu aliyebeba dona.

Saa 3:00 usiku. Nyumbani umeme upo. Mwanangu kafungua kiroba. "Mama, na mimi?" Nikamwambia dakika 15. Akasema hizo ni chache. Nikamwambia hizohizo.

Chaja nzima ni tatu, ekstensheni ni moja. Vishikwambi vitatu vya kwanza nimevichomeka sasa hivi. Vitatu vingine ni saa 6 usiku, viwili vilivyobaki saa 9. Nimetega simu. Mara ya mwisho kuamka kwa ratiba hii nilikuwa nanyonyesha.