Mfupa wa makongoro ndani ya gitaa langu

Kilichonitesa ni kodi ya F, yaani ule mshiko wa vidole unaotoa noti kadhaa kwa pamoja. Wanaopiga gitaa wanaijua: kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo ya gitaa), vingine vinahangaika huko mbele. Mimi nilikuwa nabana mpaka kucha zinabadilika rangi, na bado nyuzi mbili zinatoa sauti ya bati. Nikajiambia sijakomaa. Miezi minne najiambia hivyo, vidole vimeota sugu, F haijaja.

Siku moja nikaazima gitaa la rafiki yangu wa hapa hapa Makorora, Tanga. F ikaita mara ya kwanza. Niliumia moyo, kusema kweli, maana nilikuwa nimeshavitukana vidole vyangu vya kutosha.

Langu ni gitaa kavu, lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, nimelinunua mkono wa pili. Mtu wa kwanza niliyempelekea alitazame aliligeuza mara mbili, akasema magitaa ya bei hii ndivyo yalivyo, nivumilie. Nikalipa nauli ya bajaji kurudi nalo nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba nitalifungua mwenyewe.

Nilianza na rula ya shule. Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti hupimwa kwenye freti ya 12, ambayo ni katikati ya uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma wengi hupenda uzi wa 6, ule mnene, ukae kama milimita 2.5 juu ya freti, na uzi wa 1 karibu milimita 1.9. Sasa rula zetu za plastiki zina hila: sifuri haianzi ukingoni, inaanza ndani kidogo. Ukiisimamisha juu ya freti ukasoma tu, unajidanganya. Nikaikwangua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka mstari wa sifuri ukawa ndio ukingo. Nikapima upya: milimita 4. Nikamwita mdogo wangu naye apime. Akapata 4.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kujiamini. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia, kuna kile kipande chembamba cheupe. Sisi tunakiita mfupa hata kama ni cha plastiki, kama kilivyokuwa changu. Ukikipunguza kwa chini, nyuzi zinashuka. Na kwa kuwa freti ya 12 iko katikati, ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 pale, huku kwenye mfupa unaondoa milimita 2. Hesabu yangu ikawa nyepesi: kutoka 4 hadi 2.5 ni 1.5, mara mbili ni 3. Nikachomoa mfupa, nikapiga mstari wa penseli, nikausugua kwenye msasa. Ulikuwa na kimo cha milimita 11, nikauacha 8. Nikafunga nyuzi, nikapima, 2.5 kamili. F ikatoka. Usiku ule majirani waliisikia F mpaka wakachoka.

Kesho yake akaja mjomba.

Mjomba wangu alikua hapa Tanga enzi ambazo mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hata taarab yake, ya akina Black Star na Lucky Star, ilikuwa na magitaa ya umeme ndani. Hakuwahi kupiga bendi kubwa, lakini gitaa analishika kama mtu anayeshika mkono wa mtoto. Nikamwamkia, nikampa. Hakupiga. Aliliinua hadi jichoni, akafumba jicho moja, akatazama shingo kwa urefu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao.

"Mwanangu, shingo hii imepinda."

"Lakini nyuzi nimeshazishusha, mjomba."

"Umeshusha nini, na shingo imepinda?"

Akanionyesha namna ya kupima. Unabana uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya 14, pale shingo inapokutana na tumbo. Uzi uliokazwa hivyo unakuwa rula yako iliyonyooka. Kisha unaangalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7. Mkono wa tatu sina, kwa hiyo freti ya 1 niliibana kwa penseli iliyofungwa na utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na katika mji huu tyubu ya zamani huikosi. Nafasi yenyewe nilipima kwa karatasi za kutolea kopi, za gramu 80. Moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Zikapita 7. Zilitakiwa kupita 2, tuseme 3.

Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma mna chuma kirefu, kazi yake ni kushindana na nyuzi. Seti yangu ya nyuzi, ambayo ule mwembamba kabisa una unene namba 12, ikikazwa mpaka sauti yake inavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70, yaani ni kama mtu mzima ananing'inia pale usiku na mchana. Chuma kikilegea, mtu huyo anaivuta shingo mbele. Kukikaza ni kuzungusha nati kuelekea mkono wa saa, robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha unatuni, unasubiri, unapima. Ikigoma unaacha, maana ukiilazimisha, kitakachokatika kimo ndani ya shingo na hutakiona tena.

Nati ya langu iko ndani, unaifikia kwa tundu la gitaa. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alikuwa na alenki ya kipimo chake, lakini fupi, haifiki. Nikaenda kwa mafundi bodaboda, wakaniazima ndefu yenye mpini wa T na kuniuliza pikipiki iko wapi. Robo ya kwanza: karatasi 5. Nikalala. Robo ya pili: karatasi 3. Robo ya tatu niliigawa nusu, zikabaki 2. Shingo safi.

Nikapitisha mkono mara moja kwenye nyuzi zote, gitaa zima likakoroma.

Shingo iliponyooka, nyuzi nazo zilishuka. Ile 2.5 yangu ikawa 2.1. Mtu mwenye mkono laini huenda angeishi nayo, ila mimi napiga rizimu, na napiga kwa nguvu. Mjomba alisikiliza, akasema ukoromaji ukiwa kwenye freti za mwanzo, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukiwa kuanzia katikati kwenda juu, kama wangu, mfupa ni mfupi. Kama ningeanza na shingo, mfupa ungehitaji kukwanguliwa milimita 2.2 tu. Mimi nilishatoa 3, na plastiki haioti.

Njia ya mkato ipo: unakata kipande chembamba cha plastiki ngumu, unakiweka chini ya mfupa kama kabari. Nilifanya hivyo kwa wiki moja. Sauti ilikuwa kama mtu anaongea na shuka mdomoni. Pengine ni masikio yangu tu, lakini nilishaanza kuichukia ile plastiki.

Mifupa bora ya gitaa hutengenezwa kwa mfupa wa ng'ombe kweli, na mfupa wa ng'ombe Tanga unanukia kila alfajiri. Nikaenda kwa dada anayeuza supu ya makongoro, nikamwomba mfupa wa mguu kabla hajaukata vipande. Akaniuliza wa mbwa? Nikamwambia wa gitaa. Akanitazama, akaita wateja wengine waje wasikie.

Niliuchemsha tena mara mbili nyumbani na sabuni ya vyombo, kutoa mafuta. Mafuta yakibaki, mfupa unakuwa wa njano na unanuka. Na ilikuwa masika, jua hakuna, kwa hiyo niliukausha wiki mbili kwenye rafu juu ya jiko la mkaa. Mama alisema maneno ambayo sitayaandika. Paka wa jirani alihamia kwetu kabisa.

Ukuta wa mfupa wa mguu ni mnene na una upande ulionyooka, ndio unaoutaka. Nilikata kibanzi kwa msumeno wa chuma, nikakipunguza kwa tupa mpaka kikawa na unene wa milimita 3 na kuingia kwenye mfereji wa daraja kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kupwaya wala kugongwa. Vaeni barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Na harufu yake ukisugua ni ile ya kwa daktari wa meno.

Sehemu ngumu ni kitako. Kisipokaa bapa, baadhi ya nyuzi zinapoteza sauti kwa sababu mfupa haugusi mbao chini yake. Nilibandika msasa namba 220 juu ya kigae kilichobaki wakati wa kujenga choo, nikachora mistari ya penseli kukatisha kitako chote, nikasugua taratibu kwa kuvuta upande mmoja tu. Nilipotazama, mistari ya katikati ilikuwa bado ipo na ya pembeni imefutika: nilikuwa nausokota mkono bila kujua. Nikachora upya. Mara ya nne mistari yote ikafutika kwa pamoja. Juu niliunakili ule wa zamani, pamoja na kale kamteremko chini ya uzi wa 2 kanakofanya sauti isipande ukibana freti za juu. Nikaanza na kimo cha milimita 9.2, nikashuka kidogo kidogo huku nikipima, nikaishia 8.8. Uzi wa 6: 2.5. Uzi wa 1: 1.9.

Mfupa wa juu, kule kichwani nyuzi zinakopita kuingia shingoni, sikuusumbua sana. Unabana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, unatazama freti ya 1: panatakiwa pawe na upenyo mwembamba kama unywele. Uzi wa 2 pekee ndio uliokaa juu. Nikazungusha msasa laini kwenye uzi mwembamba wa zamani, nikapitisha kwenye mfereji wake mara sita. Kina kikizidi pale unaununua upya, na mimi nilishatosheka na mifupa.

Baadaye nikanunua kipima unyevu kidogo cha kuweka ndani ya begi. Watengenezaji wa magitaa hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, changu siku ya kwanza kilisoma 79. Mbao za tumbo zikinywa unyevu zinavimba, daraja linapanda, nyuzi zinapanda nalo. Na mimi gitaa nilikuwa nimelitundika kwenye ukuta unaopigwa na mvua! Sasa linalala ndani ya begi lake, kabatini, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu wananishauri niweke mchele. Mchele kwetu unaliwa.

Ndani ya begi kuna karatasi ya tarehe na vipimo, safu tatu: shingo, uzi wa 6, uzi wa 1. Mjomba akija huisoma kwanza kabla ya kushika gitaa. Leo asubuhi imeandikwa karatasi 2, milimita 2.6, milimita 1.9. Sijagusa kitu.