Kwenye daftari nimeandika "mtoto wa fulani" basi

Jana natafuta risiti ya maji kwenye droo nikakutana na daftari langu la majaribio ya mwaka juzi, kurasa bado zina vumbi la Dodoma, lile la mwezi wa nane ambalo ukifunga madirisha yote linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Kwa wasiojua, mi na jamaa zangu wawili tunasaidia timu ya mpira wa miguu ya mtaani huku Ipagala, watoto chini ya miaka 15, hatulipwi hata mia, ni mapenzi tu na jioni ambazo hatuna pa kuzipeleka. Siku hiyo walikuja watoto zaidi ya 30, kila mmoja tukampa bipu, kile kizibao cha mazoezi, yenye namba, mi kazi yangu kukaa chini ya mwarobaini na kuandika.

Sasa soma nilichoandika. Namba 4: kushoto tupu, akipoteza mpira anarudi kuutafuta mwenyewe. Namba 11: anakimbia kama anadaiwa, pumzi ndogo, aulizwe kama amekula. Namba 17: anaongea sana ila wenzake wanamsikiliza. Namba 22: mtoto wa (hapa jina la baba yake, silitaji, straika wa zamani wa ligi kuu, wakubwa wa hapa mjini mnamjua). NDIO.

Basi. Hamna kingine. Sijui alipiga mguu gani, sijui alikimbiaje, sijui kama aligusa mpira. Niliandika jina la baba mtu nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Nimekaa na hilo daftari nikacheka mwenyewe maana mi ndo huwa nawasumbua watu kijiweni na habari za besiboli, na kwenye besiboli hili jambo ndo wanalijadili kila mwaka. Najua najua, "ule mchezo wa rungu". Ulinikamata nilipokuwa naishi Dar, jamaa akanipeleka Azania sekondari, pale kuna kiwanja cha besiboli kilichojengwa kwa msaada wa Wajapani, nikaona dogo mmoja anarusha kile kipira hadi nikakisikia kikipita. Toka hapo naangalia mechi za Marekani kwenye simu saa 8 usiku, mke wangu ameshazoea.

Sasa wenzetu kila mwezi wa saba wana drafti. Sio drafti ya vizibo vya soda pale kijiweni, hii timu zinapokezana kuchagua vijana wa sekondari na wa vyuo, raundi 20 siku hizi, zamani zilikuwa 40. Kijana akichaguliwa mapema anapewa bonasi ya kusaini ambayo kwa hela yetu ni mabilioni. Kwahiyo kuna watu, wanaitwa maskauti, kazi yao ni kuzunguka viwanja vya shule wakiwa na kipima mwendo na daftari kama langu, wanampa kila mtoto alama kuanzia 20 hadi 80, kupiga, nguvu, mbio, mkono, kudaka, 50 ndo mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Halafu pembeni ya hizo namba zote kuna kile kitu hakina namba, damu. Baba yake ni nani.

Na kuna wakati damu inaonekana kama ndo jibu lenyewe. Drafti ya 2022, wa kwanza kabisa Jackson Holliday, baba yake Matt Holliday. Wa pili Druw Jones, baba yake Andruw Jones. Wa 17 Justin Crawford, wa Carl Crawford. Mababa wote watatu walikuwa mastaa wa ligi kuu ya huko. Mtu ukiangalia orodha hiyo unasema haya, mtoto wa nyoka ni nyoka, tufunge madaftari twende nyumbani. Ila nyoka nao wako wengi bwana, kuna chatu na kuna yule wa kwenye majani ambaye hata kuku anamkimbiza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndugu wawili, watoto wa Dante Bichette, naye staa wa zamani wa kupiga. Mkubwa, Dante Jr., Yankees walimchukua 2011 akiwa wa 51. Mdogo, Bo, Toronto wakamchukua 2016 akiwa wa 66, yani nyuma ya kaka yake. Baba yule yule, mama yule yule, wali wa sufuria moja kama tunavyosema huku, na mwalimu wa kupiga ni baba yao wote wawili. Mkubwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mdogo 2021 na 2022 ndo aliyeongoza American League nzima, yani nusu ya timu zote za ligi kuu, kwa idadi ya hiti, zile mara mpigaji anapiga mpira akafika besi salama. Sasa niambie hapo damu imekuambia nini ambacho macho yasingekuambia? Ungekuwa unaandika jina la baba tu kwenye daftari, hawa wawili wangekuwa mstari mmoja.

Na kingine ambacho watu wanasahau, hao mababa wenyewe walikuwa hawatakiwi! Ken Griffey baba alichukuliwa raundi ya 29 mwaka 1969, yani huko ambako watu wameshaanza kukunja viti. Mwanae akachukuliwa wa kwanza kabisa 1987, na 1990 wakacheza pamoja Seattle, Septemba 14 wakapiga homurani (mpira unapigwa hadi nje ya uwanja) baba kisha mtoto, mmoja baada ya mwingine, hiyo video naiangalia kila nikiwa na stresi. Matt Holliday raundi ya 7. Bichette baba raundi ya 17. Kwahiyo kuna mtu 1969 alikaa kwenye benchi akamwangalia Griffey baba akaona wa kawaida, afu miaka 18 baadae wenzake wanamchukua mtoto na jina la baba ni sifa. Jina lilikuwa halijaanza kazi bado.

Ila nisiwe mnafiki, jina lina kitu. Sio uongo. Nikifikiria kwa akili yangu ya kawaida, jina linakuambia huyu mtoto amepewa nini mpaka leo. Amekula vizuri, amepata viatu saizi yake, toka ana miaka 5 kuna mtu anayejua anamrushia mpira na kumwambia shusha kiwiko. Sasa hapo ndo penye mtego, maana kama mtoto wa staa na mtoto wa dereva wa bajaji wako sawa leo, hawako sawa. Mmoja amefika hapo na gari, mwingine kwa miguu. Huyu wa miguu ukimpa gari je? Mi nikiwa na bipu moja imebaki na wamelingana kabisa, nampa wa bajaji, na sioni huruma wala nini, ni hesabu tu.

Lakini kuna kitu kimoja wa staa anacho ambacho huwezi kukinunua, na nadhani maskauti wazuri ndo wanachokitafuta wanapoandika damu. Ni kuzoea kukosa. Besiboli ni mchezo wa kukosa, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10 huyo ni staa mkubwa, saba anarudi kukaa kichwa chini. Mtoto aliyekulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo amemwona baba yake anakosa mara nne usiku mmoja mbele ya watu elfu 40 afu anarudi nyumbani anakula ugali, sawa sio ugali, anakula chochote wanachokula huko, na kesho anaenda tena. Huyo Jackson Holliday alipopanda ligi kuu Aprili 2024 ilikuwa aibu, mechi 10 za kwanza hiti 2 katika mara 34. Wakamrudisha ligi za chini. Mtoto wa miaka 20, namba moja wa nchi nzima, jina kubwa, anarudishwa. Mwisho wa Julai akarudi, na homurani yake ya kwanza kabisa ikawa ile ya besi zote zimejaa, mbio nne kwa mkupuo. Sasa siwezi kusema ni baba, ila sitashangaa kama pale nyumbani kulikuwa na mtu wa kumwambia "tulia, hata mimi yalinikuta."

Halafu yule aliyechaguliwa wa pili, Druw Jones, siku chache baada ya kusaini akaumia bega kwenye mazoezi ya kupiga, akafanyiwa upasuaji hata mechi hajacheza. Msimu wa 2025 bado alikuwa ligi za chini. Bega halijui baba yako alikuwa nani.

Na drafti ya 2025 ndo imenifurahisha zaidi. Watu wote walikuwa wanamsubiri Ethan Holliday, mdogo wake Jackson, jina kubwa, umbo kubwa, nguvu. Washington wakaenda kumchukua wa kwanza Eli Willits, dogo wa miaka 17. Huyu naye ana baba aliyecheza, Reggie Willits, ila hilo ni jina ambalo hata Marekani kwenyewe wengi wanalitafuta kwenye simu. Ethan akachukuliwa wa nne na Colorado, timu aliyoanzia baba yake, dola milioni 9, sio kwamba alilala njaa. Ninachokipenda pale ni kwamba kuna mtu alifunika majina na kidole akaangalia watoto, akaona huyu mdogo kwa umri anafanya anayofanya wakubwa zake. Na umri jamani, huku kwetu umri ni somo zima, mtoto wa "miaka 13" anakuja ana ndevu na cheti kipya kinanukia wino, hilo siku nyingine.

Turudi kwa namba 22 wangu.

Tulimchukua, tukampa jezi namba 9 sababu baba alivaa 9. Hakuna aliyejadili. Mechi ya kwanza hajafunga, ya pili hajafunga, ya tano nikaanza kusikia maneno pembeni, "huyu mtoto wa kambo nini", watu hawana adabu. Baba mtu anasimama kwenye kona mikono nyuma haongei, na huko kutokuongea ndo kulikuwa kunamtesa dogo, kila akipoteza mpira macho yanaenda kwenye kona kwanza afu ndo kwenye mpira. Hilo ningeliona siku ya majaribio kama ningekuwa naangalia uwanja. Namba 4 akipoteza mpira anautafuta mpira. Namba 22 akipoteza mpira anamtafuta baba.

Siku moja beki wetu wa kati hakuja, alikuwa ameenda kusaidia kuvuna zabibu Hombolo, nikamwambia 22 ziba pale nyuma leo tu. Aisee. Mpira wa juu unakuja, upepo wa Dodoma unauchezea, wenzake wote wanakimbia chini yake wanakosea, yeye anasubiri, anasubiri, anaruka kwa kuchelewa kidogo anaukuta palepale. Mara tatu. Nikamwambia jamaa yangu huyu dogo kajifunza wapi kuruka vile, baba yake hakuwahi kupiga kichwa hata kimoja maisha yake yote, alikuwa mtu wa mpira wa chini.

Jioni mama yake ndo alikuja kumchukua, mara ya kwanza namwona. Nikamwamkia, nikamwambia mama leo kijana kacheza nyuma kaokoa mipira ya juu yote. Akacheka, akasema "kocha, mi nimecheza netiboli UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, miaka mitatu, GD, yani beki, kazi yangu ilikuwa kuitoa mipira juu ya vichwa vya watu. Nyumbani huwa namrushia."

Yani mtoto alikuwa na wazazi wanamichezo wawili na mi nimeandika mmoja, tena yule ambaye siye. Na sidhani niko peke yangu, angalia hiyo orodha yote niliyoandika hapo juu, mababa watupu, mama hata mmoja hajatajwa jina, hata mi nilipokuwa naandika sijashtuka hadi sasa hivi.

Mwanzo baba hakupenda. Aliniambia kistaarabu, "kocha, huyo ni wa mbele," nikamwambia mzee wangu nipe mechi tatu. Akanipa. Baada ya ya tatu akahama kona, siku hizi anakaa kwenye kiti cha plastiki kwa yule mama wa mihogo, mgongo nusu umeangalia uwanja, anajifanya anasoma simu.

Jumamosi tuna majaribio mengine. Nimewaambia wenzangu safari hii bipu zitolewe kabla ya majina, wazazi wote wakae upande ule wa barabara, na mtu yeyote asiniambie mtoto wa nani ni nani hadi nimalize kuandika. Wamekubali vizuri kabisa. Juzi usiku jamaa ananipigia simu, "kocha eeh, najua umesema tusikuambie, ila kuna dogo anakuja Jumamosi, baba yake ni..."

Nilikuwa bado nasema usiniambie, ameshaniambia. Na sasa hivi nikifumba macho namwona huyo dogo anavyopiga mashuti, mtoto ambaye sijawahi kumwona.