Sensa isiyo na elektrodi

Leo nimefunga sensa mpya, kihisi kinachopima jinsi kimiminika kinavyopitisha umeme, kwenye bomba linalorudisha maji ya kuoshea matangi hapa kiwandani kwetu, kiwanda cha maziwa. Nimefurahi mno.

Ile ya zamani ilikuwa na elektrodi mbili za chuma, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwenye kimiminika. Mafuta na madini ya maziwa yalikuwa yanagandia juu yake, namba inashuka, mtambo unaona kostiki, ile kemikali ya kuoshea, imepungua na kuongeza nyingine. Kemikali inapotea bure, na mimi niko chini ya bomba usiku wa manane nasugua.

Hii mpya haina chuma kinachogusana na kimiminika. Ndani ya pete ya plastiki mna koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa. Ya kwanza inapewa umeme wa AC, usumaku wake unazalisha mkondo mdogo ndani ya kimiminika kilichojaa kwenye tundu la pete, na koili ya pili inaupokea. Kimiminika kikipitisha umeme zaidi, ishara inakua. Utando mwembamba hauisumbui.

Mafundi wenzangu, zingatieni joto: kila nyuzi moja inapandisha kipimo kwa takriban 2%, kwa hiyo fidia ya joto, yaani kurekebisha kipimo kulingana na joto, ni lazima. Pia msiibane karibu na ukuta wa bomba, itasoma vibaya. Kwa maji yaliyosafishwa sana haifai, ishara inakuwa ndogo mno. Huko elektrodi bado zinahitajika.

Tumejaribu kostiki ya 1% kwenye nyuzi 25: milisimensi (kizio cha upitishaji umeme) 53 kwa sentimita. Nilipiga picha ile skrini.