Spika zangu za bei nafuu nyuma ya pazia

Kwa muda mrefu niliamini spika zangu ni mbovu. Ni jozi ndogo ya kuweka rafuni, na chumbani kwangu besi ilivuma hadi kumeza sauti ya mwimbaji. Rafiki yangu ana spika ndefu za kusimama sakafuni, zilizomgharimu zaidi ya mara kumi ya zangu. Kila nikitoka kwake nilikuwa napiga hesabu za kudunduliza.

Siku moja nikazibeba zangu hadi kwake, tuzisikilize zote chumba kimoja. Amplifaya yake ina swichi ya jozi A na jozi B. Kazi kubwa ilikuwa kusawazisha sauti, kwa sababu spika inayozidi hata kwa desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio huiona ndiyo bora. Tulipima kwa mita, tukatia alama mbili kwenye nobu, moja ya kila jozi. Kisha tukatundika pazia jembamba mbele ya spika. Yeye akaketi, mimi nikabadilisha, halafu tukapokezana.

Kwenye uimbaji na gitaa kavu alichagua zangu mara nyingi kuliko zake. Nami nilishindwa kuzitofautisha kwa uhakika. Alinyamaza kidogo, akaomba turudie.

Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha jambo hilihili: wasikilizaji walitoa alama tofauti walipoziona spika na zilipofichwa. Utafiti wa Toole ulionyesha pia kwamba watu wengi hupenda spika isiyozidisha wala kupunguza masafa fulani ya sauti, ya chini au ya juu, na ambayo sauti inayotoka pembeni inafanana na ya mbele. Hilo linategemea zaidi ubora wa usanifu kuliko bei. Hesabu za wahandisi Neville Thiele na Richard Small za kulinganisha wufa (kipaza sauti cha besi ndani ya spika) na kisanduku chake ziko wazi kwa kila mtengenezaji. Fedha nyingi kwenye spika ghali huenda kwenye mbao, rangi na wufa kubwa.

Kwa hiyo kosa lilikuwa chumbani kwangu. Nilikuwa nimezisukumia spika kwenye kona, ambako kuta huongeza nguvu ya besi, na kiti changu kiliegemea ukuta wa nyuma, mahali pengine besi inaporundikana. Nilizivuta karibu sentimita 70 kutoka ukutani, nikazipandisha kwenye stendi mpaka twita, vile vipaza vidogo vya sauti nyembamba, zikalingana na masikio yangu, nikasogeza kiti mbele hadi mimi na spika mbili tukawa pembetatu yenye pande sawa. Sakafuni nikatandika zulia zito. Mvumo ukaisha jioni hiyohiyo, na mwimbaji akasimama katikati ya spika, mahali ambapo hapana kitu!

Kwenye besi ya chini kabisa, hata hivyo, za rafiki yangu zilishinda waziwazi. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wufa yangu ndogo haifiki huko kwa nguvu. Nilitafuta sabwufa (spika ya besi pekee) iliyotumika, nikaikata kwenye Hz 80, yaani ipige sauti za chini ya mitetemo 80 kwa sekunde tu. Ili kujua pa kuiweka, niliipandisha kwenye kiti changu, nikapiga wimbo wenye besi nzito, nikatambaa kando ya kuta nikisikiliza. Besi ilisikika sawasawa na safi karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoiweka.